Ndege Tuliyoibeba Kama Paa la Kihenge

Ninyi vijana mnaomwaga lami kule kiwanja cha ndege, mkipita hapa Izia na kofia zenu za njano mnaniona nimekaa kibarazani na koti langu zito, jua limewaka, mnasema "shikamoo mzee" mnaendelea na safari. Marahaba. Lakini juzi mmoja wenu alisimama akaniuliza kama ni kweli mimi ndiye yule mzee aliyeharibu ushahidi wa ajali ya ndege. Hakuuliza kwa ubaya, aliuliza kama mtu anayeuliza njia. Nikamjibu, ndiyo ni mimi, kaa nikueleze. Akasema ana haraka, zege litaganda. Basi nimeandika. Shule yangu ni darasa la nne, upande wa Kaengesa, kwa hiyo mkikuta sentensi imepinda, irukeni kama mnavyoruka mtaro.

Kazi yangu ilikuwa kutunza njia ya ndege, enzi za changarawe. Sikuongoza ndege wala sikukagua tiketi. Nilifyeka, nilifukia mashimo, niliswaga ng'ombe, nilipaka chokaa mawe ya pembeni, nikatunza na soksi ya upepo, lile gunia refu linaloning'inia mlingotini kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Nilipokwenda kuposa niliulizwa nafanya kazi gani, nikasema niko kwenye ndege. Wakwe wakafurahi mno. Walipokuja kujua kwamba ninachoendesha ni fyekeo, binti yao alikuwa ameshanizalia, na mimi nilikuwa nimeshazoea ugali wake wa ulezi. Hakuna aliyeomba kurudishiwa kitu.

Aliyenifundisha kazi aliitwa Mzee Filibati. Kila alfajiri alivua viatu akatembea njia nzima peku, kwenda na kurudi. Mnajua baridi ya Sumbawanga mwezi wa saba ilivyo. Mimi meno yanagongana, yeye anatembea kama bwana harusi. Akaniambia, "Kasto, kiatu ni mwongo. Jicho nalo ni mwongo. Kisigino ndicho kinasema." Ardhi ya pale, mvua zikishapita, hukauka juu ikawa ngumu, lakini chini kunabaki ulegevu, kama kidonda kilichofunga juu na ndani kina usaha. Ukiangalia huoni kitu. Ukikanyaga kwa kisigino kinazama kidogo, kiasi cha unene wa ukucha. Hapo unachimba, unatoa ule uozo wote, unarudisha changarawe yenye unyevu kidogo kidogo, unashindilia kwa gogo, unaongeza, unashindilia tena. Mkifukia shimo kwa mkupuo mmoja mmelifunika tu blanketi. Najua sasa mna mashine ya kushindilia. Vizuri. Na ninyi mtembee juu yake peku siku moja, mniambie.

Ila Mzee Filibati naye alikuwa binadamu. Soksi ya upepo ilipochanika, alichoka kungoja nyingine, akashona yake kwa turubai la lori ili idumu. Ikadumu kweli. Lakini ilikuwa nzito hivi kwamba upepo ungeweza kukuvua kofia na yenyewe imelala tu mlingotini. Rubani mmoja alishuka, akaiangalia, akauliza, "Wazee, ile ni soksi au kuna mtu amejinyonga?"

Tena kulikuwa na suala la mashamba. Akina mama wa hapa Izia walilima mpaka ukingoni mwa njia. Ofisi ilitaka niwafukuze. Nikakataa, mara ya kwanza na mara ya pili. Niliwaambia akina mama kitu kimoja tu, wasipande ulezi, kwa sababu ulezi unaita ndege wa angani, na ndege wa angani wakiingia kwenye pangaboi la ndege ya chuma ni msiba. Pandeni maharage, pandeni mahindi. Wakapanda. Wao wakala, na mimi nikapata macho mengi ya kunisaidia kuona ng'ombe. Ofisini wakaniita mkaidi. Jina hilo silichukii.

Sasa ajali.

Ilikuwa kiangazi, ule upepo wetu umeshika kasi, unavuma kwa ubavu wa njia. Akina mama walikuwa wanavuna mahindi. Ikaja ndege ndogo ya mafunzo, ya watu wawili, kutoka chuo cha mbali cha urubani. Ndani alikuwemo mwanafunzi, binti anaitwa Neema, na mwalimu wake, mtu wa makamo. Walikuja kujifunza kutua kwenye viwanja vya huku bara. Nilikuwa nimesimama karibu na mlingoti, nikaiona inashuka huku imekaa upande upande, kama mbuzi anayevutwa kamba. Ikagusa chini. Ikadunda. Ikadunda tena, juu zaidi. Mara ya tatu ikashukia pua, tairi la mbele likavunjika, pangaboi likachimba changarawe, ndege ikakata kushoto, na mguu wa kushoto nao ukaenda. Ikalala na bawa moja chini, katikati kabisa ya njia, vumbi likaifunika.

Tulikimbia sote, mimi na fyekeo langu, akina mama na magunia yao. Neema alikuwa ameshatoka, anamvuta mwalimu. Mwalimu alikuwa amevunjika mfupa wa bega, anaongea maneno yasiyoungana. Gari la ofisi likampeleka hospitali. Neema hakutaka kwenda. Hakuwa na jeraha, ila mkwaruzo kwenye kidevu.

Alirudi nyuma ya ndege, akachuchumaa, akaangalia alama za tairi kwenye changarawe. Zilionekana wazi kama maandishi: hapa imegusa, hapa imedunda, hapa imeteleza.

"Mzee," akaniambia, "naomba watu wasikanyage hapa."

"Kwa nini?"

"Watasema ni mimi. Mwalimu alishika usukani mwishoni, au hakushika, hata sijui kama atakumbuka. Hizi alama ndizo zitakazosema tulivyoshuka."

Nikaelewa haraka kuliko alivyodhani, kwa sababu na mimi nilikuwa na langu. Ndege ikivunjika tairi Sumbawanga, mtu wa kwanza kuulizwa ni Kasto: shimo liko wapi? Na shimo halikuwepo. Nilikuwa nimepita asubuhi ile kwa kisigino changu. Lakini kisigino hakiitwi mahakamani. Zile alama, zilizopita juu ya ardhi nzima isiyo na shimo, ndizo zilikuwa shahidi wangu. Basi tukaleta mawe, mimi na yule binti, tukazizungushia. Tukawa walinzi wa vumbi.

Msimamizi wa kiwanja alikuwa Bwana Ambakisye, Mnyakyusa wa Mbeya, mtu mwema, mpenda kofia nzuri. Alipiga simu kwa wakubwa, akarudi na amri: hakuna kugusa ndege wala kuisogeza mpaka wachunguzi wafike kesho. Hakuna aliyebisha. Hata mimi nilisema sawa, na nilisema kwa moyo wote.

Ndipo likaja gari la wagonjwa.

Ndani yake alikuwa kijana anaitwa Alfonsi, mpakiaji wa magunia. Lori la mahindi kutoka Muze, kule bondeni, lilishindwa kupanda mlima wa Lyamba lya Mfipa, likarudi nyuma, likambana kiunoni kwenye ukingo wa barabara. Daktari alikuwa ameshaomba ndege ya wagonjwa imchukue, maana kwa barabara hadi Mbeya asingefika. Ndege hiyo ilikuwa tayari iko angani, inakuja. Na njia yetu haikuwa na taa. Jua likizama, hakuna kutua. Ile iliyovunjika imelala katikati, kiasi kwamba upande huu hautoshi kutua wala upande ule.

Mama yake Alfonsi alishuka kwenye gari, kajifunga kanga juu ya sweta. Akasimama kando yangu.

"Baba, ndege yenyewe ni hiyo?"

"Siyo hiyo, mama. Hiyo imeanguka."

"Naona imeanguka. Nauliza ile ya mwanangu itakaa wapi."

Nikaenda kwa Bwana Ambakisye.

"Bosi, tuisogeze."

"Kasto, unataka nifungwe?"

"Nitafungwa mimi."

"Wewe hata barua ya kukufunga huwezi kuisoma."

"Nitasomewa."

Akavua kofia, akaivaa tena. "Nimewapigia. Wamesema watanirudia."

"Na jua nalo litarudi?"

"Usinifanyie hivyo, Kasto. Nina watoto wanasoma. Mimi siwezi kutoa ruhusa."

"Sikuombi ruhusa. Nakuaga."

Sasa msije mkamcheka yule bwana. Alikuwa ameshikwa na amri, na amri ile haikuwa ya kijinga. Iliwekwa ili ukweli usipotee. Mimi mwenyewe nilikuwa naihitaji kuliko yeye. Ndiyo maana nilikwenda kwa Neema polepole. Alikuwa bado amekaa karibu na yale mawe. Nikamweleza habari za Alfonsi, sikuongeza wala sikupunguza.

"Ndege yao iko wapi sasa?" akauliza.

"Njiani."

"Mkiisogeza hii, watu watakanyaga hapa."

"Watakanyaga. Hakuna pa kupita pengine."

"Nitakuwa sina cha kujitetea."

"Hata mimi nitakuwa sina."

Akaziangalia zile alama. Kisha akasimama, akajipangusa suruali. "Nimeshafunga mafuta, lakini acha nihakikishe tena. Wasishike mkia kwenye vile vibawa vidogo, vitakatika. Wasishike ncha za mabawa. Na mtu yeyote asikae mbele ya pangaboi, hata kama limepinda."

Nikawaita akina mama. Kiongozi wao alikuwa Mama Teodosia, mwanamke mwenye sauti ya kengele ya misa ya kwanza.

"Kuna nini, mmeshindwa kuiamsha?" akauliza.

"Tunaibeba, mama."

"Uzito wake?"

"Sijui."

"Paa la kihenge cha shemeji yangu lilikuwa pana kuliko hii, na tulilibeba wakati wanaume wamelewa. Haya, jamani, wekeni magunia chini."

Hapa nieleze, maana ninyi mmezaliwa kwenye bati. Kwetu, kihenge cha mahindi hujengwa mwili wake peke yake, na paa la nyasi hushonwa chini, pembeni. Likiisha, jirani wote wanakuja, wanalizunguka, wanaingiza mikono, na mmoja anaimba. Hakuna anayesema "moja, mbili, tatu". Wimbo ndio unanyanyua. Sauti ikipanda, mnapanda. Sauti ikitulia, mnatembea. Na paa likifika juu ya kihenge halishushwi hivi hivi, lazima lizungushwe kwanza, taratibu, mpaka likae sawa na mlango. Kuzunguka kumo ndani ya wimbo. Mtoto wa hapa anakijua kitu hicho kabla hajajua sala.

Basi tukajipanga, akina mama, wachungaji wa ng'ombe, dereva wa gari la wagonjwa, na vijana wa bodaboda waliokuja kupiga picha. Mama Teodosia akawaambia, "Washikaji, hizo simu mtakula? Ingizeni mabega." Neema akawa anapita chini ya bawa, anahamisha mikono ya watu, hapa shika, hapa achia. Mama Teodosia akaanzisha wimbo.

Ndege ikanyanyuka. Nawaambia ilinyanyuka kama mtu aliyekuwa anangoja kuombwa. Tukatembea hatua chache kuelekea ukingoni. Halafu wimbo ukafika pale unapofika siku zote, pa kuzungusha, na miguu ya Sumbawanga nzima ikatii. Tukaanza kuizungusha.

"Siyo kuzunguka," Neema anapiga kelele, "pembeni, pembeni."

Nani amsikie? Mikono inasikia wimbo. Pua ikaenda kusini, mkia ukaenda kaskazini, ukapita kama ufagio, ukamkuta Bwana Ambakisye aliyekuwa amesimama ameipa ndege mgongo ili aweze kusema hakuona. Kofia yake ikaruka, ikaanza kubiringika na upepo kuelekea mashambani. Mama Teodosia akacheka, wimbo ukakatika, na wimbo ulipokatika ndege ikatuelemea sote. Tukaishusha, nusu tunacheka, nusu tunahema.

"Mama Teodosia," nikasema, "hii haina mlango. Tunatafuta mlango wa nini?"

"Miguu yenyewe, baba. Mimi ningefanyaje?"

Neema hakucheka. Alikuwa anaangalia chini. Mawe yetu yametawanyika, na mahali palipokuwa na alama pamekuwa kama uwanja uliochezewa ngoma siku ya mavuno. Visigino, kandambili, viatu vya mpira, peku. Hakubaki hata mstari mmoja. Angalau kama tungeenda moja kwa moja, kipande kingesalia.

Aliinua kichwa akamwambia Mama Teodosia, "Mama, hamna wimbo wa kwenda mbele tu?"

Mama Teodosia akaacha kucheka. Akaangalia kule lilikosimama gari la wagonjwa. Akasema, "Upo. Wa machela."

Huo ndio wimbo wa kumpandisha mgonjwa kutoka bondeni, kabla barabara haijawa barabara. Ni mfupi, hauna mapambo, unakwenda na pumzi. Tukaingiza mikono tena, na safari hii hakuna aliyeongea. Tuliipeleka ndege moja kwa moja mpaka kwenye mabua ya mahindi, tukailaza pale, na Neema akaweka kiganja kwenye ubavu wake kama mtu anayemtuliza ng'ombe.

Tukafagia njia kwa matawi. Mimi nikavua viatu, nikapita pale ilipochimba pangaboi, nikajaza, nikashindilia kwa miguu na vijana wa bodaboda wakinisaidia kurukaruka. Bwana Ambakisye alirudi na kofia yake imejaa makapi. Hakuniangalia. Aliingia ofisini, na mlango ulikuwa wazi, nikamsikia kwenye redio akisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Njia iko wazi. Karibuni." Kwa hiyo mkisikia wanasema nilifanya peke yangu, wanampunja yule bwana.

Ndege ya wagonjwa ikatua jua likiwa limekaa juu ya mahindi. Alfonsi alikuwa na fahamu. Walipompitisha alimwona Mama Teodosia akasema, "Shikamoo mama," kama wamekutana sokoni. Mama yake akapanda naye. Wakaondoka.

Wachunguzi walikuja. Walikuwa vijana wastaarabu, walinipa kiti. Walipima, walichimba, wakakuta ardhi imeshindiliwa na miguu ya watu, haisemi kitu. Mwalimu wa Neema alisema hakumbuki, na huenda ni kweli. Ikaandikwa kwamba sababu haikuthibitika. Mtaani ikathibitika siku hiyo hiyo: Kasto alikuwa na shimo, akaita wanawake walikanyage. Nimelisikia kilabuni, nimelisikia nje ya kanisa, nimelisikia kwa mtu aliyekuwepo na mikono yake imeshika bawa. Neema chuoni walimrudisha kuanza mwanzo kabisa kama mtu ambaye hajawahi kugusa usukani. Akaanza mwanzo. Mimi nikaambiwa niombe radhi tu, maneno mawili, yaishe. Nikasema sikosi radhi ya kuomba, nimemkosea mke wangu mara nyingi, lakini kwa hili sina. Basi nikaondolewa kazini. Fyekeo nikaliacha. Kisigino nimeondoka nacho.

Sasa ninyi mnangoja kuuliza swali. Kila mtu huuliza. Alfonsi alipona?

Hakupona. Alifika Mbeya, wakamfungua, wakafanya walichoweza, akafia mikononi mwa madaktari, mama yake yuko mlangoni. Na kila ninaposema hivyo namwona msikilizaji analegea uso, anasema aaa, basi ilikuwa bure. Kama vile kijana angepona ningekuwa shujaa, na kwa kuwa alikufa mimi ni mharibifu. Sikubali. Sisi hatukuahidiwa kupona kwake. Tuliulizwa ndege yake itakaa wapi. Tukajibu.

Habari ya kifo ilifika asubuhi ile ile niliyokuwa nimekaa mbele ya wachunguzi. Neema alikuwa kwenye benchi karibu na dirisha, Bwana Ambakisye amesimama mlangoni na simu mkononi, yeye ndiye aliyetuambia. Kisha mchunguzi mmoja, yule mdogo, akaweka kalamu chini. Hakuwa na dharau, nadhani alitaka kujua kweli.

"Mzee Kasto," akasema, "sasa unajua kwamba hakupona. Unajua alama zimepotea, na kazi yako nayo itapotea, na huyu dada unaona hali yake. Ingekuwa leo, ungeigusa?"

Nikamtazama Neema. Alikuwa ananitazama mimi.

"Kijana," nikamwambia, "irudishe ile ndege pale pale katikati ya njia, halafu usogee pembeni."